Fahamu: Michezo ya ulimwengu huru na ile inayoongozwa na hadithi

Katika michezo ya video ya kuigiza wahusika, ambamo mchezaji huchukua nafsi ya shujaa na kumwongezea uwezo hatua kwa hatua, Skyrim (2011) ni ya ulimwengu huru, yaani humwachia azurure apendako, ilhali Final Fantasy X (2001) humwongoza tukio baada ya tukio. Masimulizi ya Wameru wa Kenya kuhusu kutoroka kisiwa cha Mbwaa, ambapo Koomenjwe aliwaongoza watu kuvuka maji, kama yangegeuzwa mchezo, yangefaa zaidi mtindo wa pili, kwani safari ya wakimbizi hupoteza uzito mchezaji anapoweza kuiahirisha ili avue samaki. Milima ya Nyambene huko Meru, pamoja na mito ya Embu inayoteremka kutoka Mlima Kenya hadi Tana, ingestahili ulimwengu huru.