Chunusi: Vidonge Kwanza, Leza Baadaye

Vijana hapa Ifakara hutuuliza kama vidonge pamoja na mwanga wa leza huondoa chunusi upesi. Leza ni tiba ya miji mikubwa, tena ghali. Kazi kubwa hufanywa na dawa.

Chunusi zenye usaha hutibiwa kwa doksisiklini, kwa kawaida wiki 12, pamoja na kupaka benzoili peroksaidi ili vijidudu visizoee dawa. Meza kwa maji mengi ukiwa umeketi. Dawa hii hufanya ngozi iungue upesi kwa jua. Basi anayepalilia mpunga avae kofia na mikono mirefu. Mjamzito asiimeze. Wanaokosa subira hukimbilia mkorogo, na steroidi iliyomo huzidisha chunusi zenyewe!

Chunusi sugu zinazoacha makovu hupewa isotretinoini. Hiyo hulemaza mtoto tumboni: binti hupimwa mimba kwanza, wala asishike mimba hadi mwezi 1 baada ya kumaliza. Msigawiane vidonge hivyo bwenini.

Leza yafaa zaidi kwa makovu, lakini joto lake laweza kuacha madoa meusi kwenye ngozi yetu. Zamani mgonjwa alingojeshwa miezi 6 baada ya isotretinoini. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walilegeza sharti hilo kwa aina baadhi za leza. Aamue daktari wa ngozi. KCMC Moshi imekuwa ikifundisha wataalamu hao tangu miaka ya 1990.