Sukari ya Jioni kwa Mgonjwa wa Limfoma

Mwanafunzi wa udaktari husoma kisukari muhula mmoja, na saratani muhula mwingine. Wodini mgonjwa huja na vyote viwili, na hapo ndipo mambo huharibika.

Limfoma ni saratani ya limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Mara nyingi huanza kwa mitoki ya shingoni, kwapani au kwenye kinena, isiyouma wala kupungua, pengine pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda. Dalili hizo hufanana mno na za kifua kikuu, kwa hiyo kinyama cha mtoki hukatwa na kupimwa maabara kabla ya tiba.

Limfoma nyingi za chembe B zinazokua haraka hutibiwa kwa mseto uitwao CHOP: siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni, aghalabu pamoja na rituksimabu. Mzunguko hurudiwa kila siku 21, kwa sababu dawa hizi huangamiza pia chembe za uboho, nao unahitaji muda wa kujijenga upya. Chembe nyeupe hushuka mno kati ya siku ya 7 na ya 14. Homa ya nyuzi 38 wakati huo ni dharura. Mgonjwa aende hospitali usiku huohuo, asiitulize nyumbani kwa panadol.

Prednisoloni ndiyo inayosahaulika, labda kwa kuwa ni vidonge tu. Kwa kawaida ni miligramu 100 kwa siku, kwa siku 5, nayo huua limfosaiti kwelikweli. Lakini hulifanya ini limwage sukari kwenye damu, na misuli iipuuze insulini. Ikinywewa asubuhi, sukari hupanda mchana na jioni, kisha hushuka usiku. Mgonjwa anayepima kabla ya chai tu anaweza kuona 6 mmol/L akamshukuru Mungu, kumbe jana jioni ilikuwa 18. Kiu na kukojoa mara kwa mara akadhani vimetokana na dripu ya dawa. Katika siku hizo apime pia baada ya chakula cha mchana na kabla ya cha jioni. Hata asiyekuwa na kisukari anaweza kupandwa na sukari, naye apimwe.

Mimi huhofia zaidi siku ya 6. Vidonge vimekwisha, mwili unaanza kuitikia insulini tena, na kichefuchefu kimemfanya mgonjwa aache sahani vilevile ilivyokuja. Akiendelea na dozi ya insulini iliyoongezwa kwa ajili ya prednisoloni, sukari inaweza kuporomoka hadi azimie. Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani aandikiwe dozi mbili, ya siku za vidonge na ya baada yake, na anayempikia aelezwe pia.

Kuna vinkristini nayo, inayodhuru neva zilezile ambazo kisukari hushambulia. Ganzi ikianza vidoleni baada ya mzunguko wa tatu, ni vigumu kujua ilitoka wapi kama hakuna aliyemchunguza mgonjwa mapema. Kabla ya dripu ya kwanza daktari aguse nyayo za mgonjwa, na amwombe afunge vifungo vya shati mwenyewe. Kila mzunguko arudie. Vidole vikianza kushindwa kufunga, dozi ya vinkristini hupunguzwa au dawa hiyo huondolewa kabisa.