Mnyororo wa Futi 66

Tarehe 30 Septemba 1785, Thomas Hutchins alianza kupima ardhi kutoka ukingo wa Mto Ohio kuelekea magharibi. Sheria mpya ya Marekani ilitaka nchi ile ikatwe miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba uwe na vipande 36 vya ekari 640, ndipo iuzwe. Serikali ilikuwa imeelemewa na madeni ya vita. Lakini ardhi ilikuwa na wenyewe, Washawnee na Wadelaware miongoni mwao, nao walijua mpimaji akishapita nani anafuata. Baada ya maili chache tu Hutchins aliondoka, akihofia kushambuliwa.

Chombo chake kikuu kilikuwa mnyororo uliobuniwa na Mwingereza Edmund Gunter karne ya 17: futi 66, pete 100. Minyororo 80 ni maili moja. Eneo la mnyororo mmoja kwa kumi ni ekari, ekari hii hii tunayouziana Morogoro na Nakuru. Penye mteremko, mnyororo uliinuliwa ukae sawa, kwani kilichohesabiwa ni umbali wa mlalo. Kwenye kona kilipigwa kigingi, na miti iliyokuwa karibu ilitiwa alama kwa shoka, aina yake ikaandikwa daftarini.

Ugumu ni kwamba dunia ni mviringo. Mistari ya kwenda kaskazini hukaribiana, hivyo kwenye latitudo ya 40 mraba wa maili 6 hupungukiwa na futi 40 hivi upande wa juu. Ikabidi kila baada ya umbali fulani vipimo vianze upya, na ndiyo maana baadhi ya barabara za vijijini huko hukata kona ghafla katikati ya mashamba.

Dira nayo hudanganyika. Mwaka 1844, huko Michigan, sindano ya kikosi cha mpimaji William Burt iliyumba ovyo. Walipotafuta sababu walikuta mawe yenye madini ya chuma. Burt aliendelea na kazi kwa dira yake iliyofuata jua.

Na vipimo vikikosewa? Sheria ya Marekani ya 1805 ilikuwa imeshaamua kuwa alama iliyowekwa ardhini ndiyo mpaka, hata ikiwa imepinda. Leo wanaikolojia husoma madaftari yale ya wapimaji kujua misitu iliyofyekwa ilikuwa na miti gani. Humo mna pia njia na vijiji vya wenyeji, vilivyoandikwa kwa uangalifu uleule, ila havikumpa mwenyeji hata ekari moja.