Sikio Moja Kazini

Mtu aliyepoteza usikivu wa sikio moja hupata taabu ambayo anayekaa naye meza moja haioni. Mkiwa wawili chumbani, mlango umefungwa, anakusikia na kukujibu papo hapo. Mkiingia kwenye kikao cha watu kumi, feni inazunguka na madirisha yanatazama barabarani, huyo huyo anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, au anakaa kimya. Wenzake huona majivuno, na bosi huona uzembe. Sisi tunaopima masikio tunaujua mkasa huo kwa sura nyingine.

Sauti inayotoka upande wa sikio bovu lazima ikizunguke kichwa ndipo ilifikie lile zima. Sauti nzito hupita bila shida, lakini sauti nyembamba huzuiwa na kichwa chenyewe, na hizo nyembamba ndizo zinazobeba s, t, f na sh. Mchukue karani wa ghala anayeambiwa kutoka upande wake mbovu, lori likiwa linaunguruma, “katoni sita.” Irabu anazipata zote mbili, ila s na t zimefifia, naye anaandika tisa. Makosa ya namna hiyo yakirudiwa, mtu hupewa barua ya onyo kwa jambo ambalo kiti kikihamishwa lingekwisha.

Kuna pia suala la uelekeo. Ubongo hujua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili: lililo karibu hupata sauti kwanza, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na huipata kwa nguvu zaidi. Likibaki moja, hakuna cha kulinganisha. Muuguzi anaitwa wodini, anasikia vizuri kwamba ameitwa, kisha anaanza kutazama kitanda baada ya kitanda. Kutazama huko, kukisia maneno na kusoma midomo huila nguvu ya mtu, na wengi huniambia ikifika alasiri kichwa ni kizito kuliko mikono.

Chanzo cha uziwi wa sikio moja huweza kuwa matubwitubwi ya utotoni, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa, au uvimbe usio wa saratani kwenye mshipa wa fahamu wa usikivu. Ila kuna kimoja kinachohitaji mbio: uziwi wa ghafla, unaoingia ndani ya siku tatu au hata usiku mmoja. Watu hudhani ni nta, wakatia mafuta na kusubiri. Fanya hivi: funga mdomo uvumishe “mmm”. Sauti ikivuma zaidi upande ulioziba, huenda ni nta au maji. Ikihamia kwenye sikio zima, shuku sikio la ndani na umwone daktari wa masikio, pua na koo siku hiyo hiyo. Dawa za jamii ya steroidi hufaa zaidi zikianzwa mapema, hasa katika wiki mbili za mwanzo. Hata kama jaribio hilo halikukupa jibu, usikivu ukipotea ghafla usikae nyumbani.

Sasa tuje kwenye haki, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kwa miaka mingi viwango vya uziwi vilipangwa kwa kuangalia sikio lililo bora. Mwenye sikio moja akahesabiwa kuwa mzima. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya usikivu, lilitenga kundi la uziwi wa upande mmoja: sikio bora likiwa chini ya desibeli 20 na bovu likiwa desibeli 35 au zaidi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 nayo inautazama ulemavu kwa kuangalia nafasi ya mtu kushiriki maisha ya jamii sawa na wengine. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania na Kenya zimeuridhia, unataka kazini yafanyike marekebisho yanayofaa.

Kwa hiyo usiridhike na karatasi yenye mchoro wa kipimo pekee. Mwombe mtaalamu apime pia jinsi unavyoelewa maneno penye kelele, na aandike kwa lugha ya kawaida usichoweza kukifanya: kujua sauti inatoka wapi, kufuata kikao, kusikia anayesema upande wa sikio bovu. Ripoti hiyo ndiyo inayosomeka kwa afisa utumishi.

Unapoomba marekebisho, usiombe watu wapaze sauti. Omba nafasi. Kiti cha pembeni, ukuta ukiwa upande wa sikio bovu, kinakupa kikao kizima. Omba ajenda na maamuzi kwa maandishi, na taa ya tahadhari panapotegemewa king’ora. Kwenye simu na kompyuta, washa mpangilio unaounganisha sauti za kushoto na kulia, la sivyo spika za masikioni zitakunyima nusu ya mazungumzo.

Shimesikio la kawaida, yaani kifaa cha kukuza sauti, halisaidii sikio lililokufa kabisa. Kipo kifaa kinachochukua sauti upande huo na kuirusha kwenye sikio zima. Kinafaa sana mezani, ingawa hakirudishi uelekeo.

Sikio lililobaki lilinde kwa ukali. Kelele za desibeli 85 kwa saa nane kila siku zinaweza kulidhuru, basi kwenye mashine dai vizibo. Kila daktari anayekuandikia sindano ya jentamaisini mwambie hali yako, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuua usikivu. Na kama uko Tanzania na sikio liliharibikia kazini, taarifa ipelekwe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri akikubagua kwa sababu ya sikio lako, peleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukiwa na ripoti yako na nakala ya barua uliyoomba marekebisho. Usichelewe, kwani migogoro ya kazi ina ukomo wa muda wa kufunguliwa.