Maji Yakitanda, Chuma Kimetakata

Dawa ya oili iliyoganda katika gereji nyingi za mitaani ni ileile: petroli ndani ya beseni na brashi kuukuu. Kipuri hutoka kimeng'aa kwa dakika chache, na ndiyo maana mazoea haya hayafi. Lakini petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni taratibu mpaka ukute jiko la mkaa. Tena ndani ya petroli mna benzini, kemikali inayojulikana wazi kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Kuosha vipuri nayo kwa mikono mitupu ni kujiumiza bure, maana mafuta ya taa yanaifanya kazi hiyo hiyo kwa usalama zaidi. Mvuke wake hauwaki kirahisi mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi, na dizeli huvuka 50. Kwa jua la Dar es Salaam au Mombasa hizo 38 haziko mbali, kwa hiyo kazi ifanyike kivulini, nje, mbali na moto.

Mafuta yanaondoaje mafuta? Oili ya injini ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni. Molekuli za maji zina ncha zenye chaji za umeme, hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuiacha oili nje. Mafuta ya taa ni ukoo mmoja na oili, ila minyororo yake ni mifupi na myepesi. Hujipenyeza katikati ya ile mirefu, huitenganisha, na utando mzito uliong'ang'ania chuma hulegea na kutiririka.

Hata hivyo uchafu wa injini hauko wa aina moja. Chukua tapeti kava ya gari lililotembea miaka bila kuoshwa, uikwangue pembeni kwa kijiti. Juu kuna vumbi lililolewa oili, linalotoka kama ugoro uliolowa. Chini yake kuna oili nzito, nyeusi. Ukiifuta hiyo unakuta rangi ya kahawia inayong'aa, ngumu, ambayo kijiti hakiigusi. Hiyo nayo ilikuwa oili, ila joto na oksijeni vimeunganisha molekuli zake mpaka zikawa kitu mfano wa vanishi. Mafuta ya taa huondoa matabaka mawili ya juu vizuri sana, lakini kwa hili la tatu huchoka.

Hapo ndipo watu hukimbilia kostiki, ile ya watengeneza sabuni. Wanaamini itageuza oili kuwa sabuni kama inavyofanya kwa mawese. Haifanyi hivyo. Mafuta ya mimea yana viungo vya kikemia ambavyo kostiki huvikata, na kinachobaki ndicho sabuni. Oili itokanayo na mafuta ghafi haina viungo hivyo. Kostiki hulegeza ile vanishi ya kahawia kwa sababu oili iliyoungua imekwisha kuwa na asidi ndani yake. Kwa hiyo inafaa, ila kwa chuma tu. Ukitumbukiza aluminiamu utaona mapovu yakichemka: kostiki inaondoa utando mwembamba mno wa oksidi unaoilinda, kisha inaila aluminiamu yenyewe na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Na injini moja huweza kubeba metali zote mbili. Zile Toyota Corolla za zamani zenye injini za familia ya A zina bloku ya chuma cha kutupwa na silinda hedi ya aluminiamu. Kabla ya kuchagua dawa, weka sumaku juu ya kipuri. Ikinata, ni chuma. Isiponata, kostiki ikae mbali.

Kwa aluminiamu, maji ya moto na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hutosha baada ya mafuta ya taa. Kila molekuli ya sabuni ina upande unaopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Mikia huzama ndani ya tone la oili, vichwa hubaki nje, na tone lote hubebwa na maji bila kushika tena kipuri. Joto huipunguzia oili uzito, na brashi huivunja iwe matone madogo. Ile vanishi iliyobaki ilowekwe na kurudiwa kwa subira. Brashi iwe ya nailoni au ya shaba, maana ya chuma huchora aluminiamu.

Kutu kwenye vipuri vya chuma ina tiba nzuri inayopatikana sokoni. Magadi, yale yale yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya na kutumika kulainishia maharage, yakiyeyushwa kwenye ndoo ya plastiki hupitisha umeme. Funga kipuri kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na kipande cha chuma chakavu kwenye waya chanya, visigusane. Mapovu yataanza, na kutu italegea yenyewe bila chuma kizima kuliwa. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, kwani huweza kutoa kromiamu yenye sumu kali. Haidrojeni hutoka hapa pia, kwa hiyo kazi ifanyike nje.

Kuna jambo moja ambalo ningetamani kila fundi alijue. Diski za msasa za kusafishia sehemu inapokaa gasketi huacha vumbi la oksidi ya aluminiamu, kitu chenye ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs chenye mwisho wa 10. Beringi za kranki zimepakwa metali laini makusudi. Chembe chache zikiingia kwenye njia za oili, injini iliyofunguliwa kwa ajili ya gasketi tu hurudi gereji ikigonga. Ziba matundu yote kabla ya kusugua chochote.

Weusi wa oili chafu kwa sehemu kubwa ni masizi ya moto wa injini, na pamoja nayo kuna kemikali zinazodhuru ngozi. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alieleza saratani iliyowapata wasafisha dohani kwa sababu ya masizi yaliyowaganda mwilini. Glavu za nitrili hugharimu kidogo, na hazilainiki kwa mafuta kama zile za mpira wa kawaida.

Sasa, utajuaje kipuri kimetakata? Macho hudanganya. Kisuuze mpaka sabuni iishe kabisa, kisha mimina maji safi juu yake na ukiinamishe. Mahali penye oili, hata ile isiyoonekana, maji hukatika na kujikusanya matone. Kwenye metali safi hutanda kama karatasi moja isiyopasuka. Popote yanapokatika, rangi utakayopaka nayo itabanduka hapo hapo, kwa hiyo rudia. Yakitanda, kausha mara moja: chuma cha kutupwa kisicho na oili hupata kutu ya machungwa kwa dakika chache, hasa karibu na bahari. Puliza hewa ya kompresa, anika kwenye jua kali, kisha piga praima siku hiyo hiyo.

Rangi ya bloku haihitaji kustahimili joto kubwa, kwa kuwa maji ya kupozea huzunguka kwenye nyuzi 90 hivi. Manifoldi ya ekzosi hufika mamia ya nyuzi na hutaka rangi maalumu ya silikoni, ambayo hukomaa kwa kupashwa moto hatua kwa hatua. Tabaka ziwe nyembamba, mbili au tatu, na sehemu zinazokutana na gasketi zifunikwe kwa utepe wa karatasi zisiguswe na rangi. Mimi huchagua kijivu hafifu badala ya nyeusi wanayoipenda wengi. Oili mpya ikianza kuvuja kwenye gasketi, mstari wake huonekana asubuhi ya kwanza, ukianzia pale pale kwenye boliti iliyolegea.