African Sanctus: Misa iliyounganisha kwaya, adhana na ngoma za Waacholi

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

MKAZI wa Mji Mkongwe hashangai kusikia adhana na kengele ya kanisa katika mtaa mmoja. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, limezungukwa na majirani Waislamu, na kila upande umezoea sauti ya mwenzake. Sauti hizo zikiwekwa kwa makusudi ndani ya kazi moja ya muziki, hata hivyo, huzuka maswali.

Ndivyo alivyofanya mtunzi Mwingereza, David Fanshawe (1942-2010), katika misa yake iitwayo African Sanctus. Misa hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1972, na mwaka uliofuata ikatolewa katika santuri na kampuni ya Philips.

Kwa desturi ya Waingereza, misa huimbwa na kwaya iliyofundishwa sauti nne, mara nyingi ikiongozwa na kinanda. Desturi hiyo ndiyo iliyoletwa Unguja na wamisionari wa UMCA waliohamia hapa mwaka 1864, na Askofu Edward Steere akaipa ibada yao lugha ya Kiswahili.

Fanshawe, aliyesomea chuo cha Royal College of Music, alifuata njia nyingine. Kuanzia mwaka 1969 alisafiri Misri, Sudan, Uganda na Kenya akiwa na kinasa sauti, akirekodi sala, nyimbo za harusi na ngoma. Kisha akatunga misa ya Kilatini juu ya kanda hizo.

Katika Kyrie, yaani sala ya kuomba huruma, adhana iliyorekodiwa Cairo husikika pamoja na kwaya. Katika Sanctus, waimbaji huitikia ngoma ya bwola ya Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Sehemu ya kusulubiwa kwa Yesu imejengwa juu ya wimbo wa mvua wa Mwacholi Latigo Oteng.

Katika onyesho, kanda hupigwa kwa vipaza sauti huku kwaya ikiimba ukumbini. Kwa kuwa kanda haimsubiri mtu, kiongozi wa kwaya hulazimika kuifuata. Kwa maana hiyo, Waafrika waliorekodiwa si pambo la misa hii, bali ndio wanaoiongoza.

Swali la kwanza linahusu adhana. Kwa Mwislamu, adhana ni mwito wa swala, wala si wimbo wa kutumbuiza. Fanshawe aliamini kwamba wote wanaomsifu Mungu humsifu Mungu mmoja, na alikusudia heshima. Hata hivyo, uamuzi wa kuuweka mwito huo ndani ya misa ulikuwa wa mtunzi, na msikilizaji Mwislamu ana haki ya kuuliza iwapo heshima hiyo inatosha.

Swali la pili ni la haki. Sauti iliyorekodiwa mara moja kijijini imeendelea kusikika katika kumbi za mbali kila misa inapoimbwa, ilhali jina linalotangulia ni la mtunzi.

Upande wa pili, kanda hizo zimehifadhi mengi. Waacholi waliuawa kwa wingi chini ya utawala wa Idi Amin ulioanza mwaka 1971, na vita vilivyofuata tangu mwaka 1986 viliwafukuza wengi vijijini mwao. Kile kilichonaswa kabla ya hapo hakiwezi kurekodiwa tena vilevile.

Kwa Unguja, yenye kwaya, kasida, maulidi na taarabu, funzo liko wazi. Zanzibar imekuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2003, lakini sheria pekee haimlindi mwimbaji asiyejua sauti yake inakwenda wapi. Kabla kinasa sauti hakijawashwa, ni vyema pande mbili ziandikiane: jina la mwimbaji litatajwa wapi, sauti itatumika kwa kazi gani, na malipo yatagawanywa vipi. Kurekodi kunafaa, na kuafikiana kwanza kunafaa zaidi.