Kwa Nini Paka Hukanda Nguo?

Mkoa wa Ruvuma hulima mahindi kwa wingi. Baada ya mavuno, magunia huwekwa ndani, huko Mfaranyaki mjini Songea na katika vijiji vya jirani. Mahindi yakiingia ndani, panya huyafuata. Panya hula nafaka na kutoboa magunia. Chakula anachokiacha hukichafua kwa mkojo na mavi. Kwa hiyo paka ni mlinzi wa chakula chetu.

Lakini paka ana tabia moja inayowatia watu wasiwasi. Jioni watu wakiwa wameketi, hupanda mapajani au juu ya blanketi. Hukandamiza kwa mguu wa mbele wa kulia, kisha wa kushoto, polepole, kama mtu anayekanda unga wa maandazi. Makucha hutoka na kuingia. Koo hunguruma kwa sauti ndogo. Paka wengine hushika pindo la kanga kwa mdomo na kulinyonya mpaka lilowe mate.

Mmoja atasema, "Paka huyu ametumwa." Mwingine atasema, "Ana kichaa." Basi paka hupigwa, hutupwa mbali au huuawa. Baada ya hapo panya hutamba ghalani. Je, paka huyo alikosa nini?

Tabia hii huanzia kwa mama

Mtoto wa paka huzaliwa haoni. Macho hufunguka baada ya siku 7 hadi 14 hivi. Lakini tangu siku ya kwanza hutafuta chuchu ya mama yake. Anaponyonya, hukandamiza tumbo la mama kwa miguu ya mbele. Kufanya hivyo husaidia maziwa yashuke.

Jambo hili si geni kwetu. Ndama hugonga kiwele cha mama yake kwa kichwa. Mtoto mchanga hupapasa titi la mama kwa mikono. Wote wanatafuta maziwa.

Kwa mtoto wa paka, kukanda huenda pamoja na shibe, joto na usalama. Akikua hasahau. Akipata mahali laini penye joto, miguu huanza kukanda. Maana yake ni kwamba ametulia na hana hofu. Tena, katika nyayo za paka mna tezi za harufu. Anapokanda huacha harufu yake mahali pale.

Kunyonya nguo

Kunyonya nguo kunatokana na mambo hayo hayo. Huonekana zaidi kwa paka aliyetengwa na mama yake mapema. Watoto wa paka huanza kula chakula kingine wakiwa na wiki 4 hivi, lakini bado huhitaji kunyonya. Usimchukue mtoto wa paka kabla hajafikisha wiki 8. Akifikisha wiki 12 ni vizuri zaidi. Katika muda huo hujifunza mengi kwa mama, hata kuwinda panya.

Paka akinyonya nguo bila kuitafuna, hapana shida. Akitafuna na kumeza nyuzi, ni hatari. Nyuzi huweza kuziba utumbo, naye akafa. Weka nguo hiyo mbali, na mpe kazi nyingine, kama kuchezea mpira wa matambara.

Ufanye nini paka akikukanda?

1. Usimpige. Haelewi kosa lake, naye atakuogopa.
2. Makucha yakikuchoma, tandika kitambaa kizito mapajani, au mshushe taratibu.
3. Usimwache amkande mtoto mchanga. Makucha huchubua ngozi.

Dalili za kichaa ni nyingine

Kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Paka mwenye ugonjwa huo hubadilika ghafla. Huenda akashambulia watu bila sababu, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza, au miguu ikalegea. Paka anayekanda kwa utulivu haonyeshi dalili hizo.

Ukiumwa au kuparuzwa na paka unayemshuku, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, upate chanjo. Usingoje dalili. Zikishaanza, ugonjwa huu huua. Paka naye achanjwe. Mwulize bwana mifugo wa eneo lako.

Ndugu msomaji, kumfukuza paka kwa sababu anakanda blanketi ni kumkaribisha panya kwenye mahindi. Mwache akande. Usiku ukiingia ataamka akawinde.

Maswali

1. Kwa nini mtoto wa paka hukanda tumbo la mama yake?
2. Mtoto wa paka achukuliwe akiwa na wiki ngapi?
3. Taja dalili mbili za paka mwenye kichaa.
4. Jadilianeni: katika mtaa au kijiji chenu, watu husema nini juu ya paka? Je, ni kweli?